Gunia la Katikati

Jumapili ile, baada ya misa ya pili, Ida alikuwa akichagua mchele ambao haukuwa na haja tena ya kuchaguliwa. Aliketi barazani kwao Mjimwema, ungo mapajani, masikio barabarani. Mama yake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba chuya zimekwisha na sasa anatupa mchele wenyewe, naye Ida akaitikia "ndiyo mama" bila kusikia alichoambiwa. Mapenzi yakishamkaa mtu kichwani, mikono hubaki kufanya kazi za kujisingizia.

Kisha ikasikika. Sauti nyembamba ya haraka haraka, ikipanda kutoka upande wa Bombambili, ikipotea kwenye mabonde na kuibuka tena.

"Cherehani yako hiyo inakuja," mama akasema.

Mama Emerensiana hakuwahi kuiita pikipiki. Tangu siku ya kwanza aliyoisikia aliiita cherehani, na mtaa mzima ukamfuata. Ilikuwa pikipiki ya mia ishirini na tano, ya miguu mirefu na tairi za meno, aina ya kwenda porini. Mradi mmoja wa maji ulipofunga kazi ukauza vitu vyake kwa mnada. Wengine wakagombea meza na majokofu, Aidan Ndunguru akaondoka na ile pikipiki yenye tanki jekundu.

Aidan alikuwa mpiga picha. Alizunguka vijijini akipiga watu picha za rangi, kisha akazituma filamu Dar es Salaam kwa posta zikasafishwe. Huko posta ndiko alikokutana na Ida, nyuma ya dirisha la vifurushi, na kwa muda mrefu mwanamume yule alituma filamu moja moja, kila moja kwa siku yake, mpaka mhudumu mwenzake Ida akamwambia, "Dada, huyu kaka ama hajui kufunga kifurushi ama anakujua wewe."

Posa ilikuwa imeletwa kabla ya Kwaresima. Haikukataliwa, haikukubaliwa. Iliganda mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa pa ajabu. Mshenga alisema, kwa kujisifu tu, kwamba baada ya harusi bwana harusi angempakia mkewe kwenye pikipiki ile, wapite Mbinga, wateremke Mbamba Bay, wafuate ufuko wa ziwa mpaka Liuli na Lituhi, ndipo warudi. Alipoulizwa wanakwenda kwa nani, akajibu hawaendi kwa mtu. Wanakwenda kuona.

"Safari ya msiba naijua," Mjomba Athanasi, mdogo wake mama, alisema siku ile akimtazama mshenga kama anayetazama mgonjwa. "Ya harusi naijua. Ya kununua mahindi naijua. Hii ya kwenda kuona ziwa ambalo liko palepale tangu enzi za mababu, na wala halijamwita mtu, hii ndiyo siijui."

Ida alikuwa anaijua. Kila siku ya kazi aligonga muhuri bahasha za kwenda Lituhi, Liuli, Mbamba Bay. Barua zilikuwa zimefika kote huko, lakini mwenyewe hajavuka hata daraja la mto Ruvuma. Alitaka kujua maji yanayoonekana mpaka yanagusana na mbingu yananukaje. Alitaka kujua watu wanaoandikiwa barua zile wana sura gani. Zaidi ya yote alitaka kuyajua hayo akiwa amekaa nyuma ya mgongo wa Aidan, na hilo hakumwambia hata padri.

Pikipiki ikazimwa chini ya mlimau. Aidan akashuka, amerowa matope mpaka magotini, akavua kofia yake ya chuma na kutembea hadi mahali panapofaa: mbali kidogo na baraza, uso ameuelekeza kwenye jiko la nje, sio kwa mama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba," akasema Mjomba Athanasi, aliyekuwa barazani na kiko chake. "Umepita njia gani? Umekuwa kama mfinyanzi."

"Shikamoo mama," akasema, akilisemesha jiko.

Mama akageukia mlango. "Ida, mwambie mgeni marahaba."

"Marahaba," Ida akasema, na macho yao yakakutana kwa muda mfupi sana, uliotosha kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa tangu posa iingie. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawapeani mkono, hawaketi mkeka mmoja. Mwaka uliopita mvua ilipowakimbiza watu ndani, mkwe wa Mjomba Athanasi alimgonga bega mkewe mjomba mlangoni. Bega tu! Kesho yake alileta kuku wa kuondoa aibu, akakabidhi kwa mikono miwili, kuku akaliwa na heshima ikarudi mahali pake.

Siku hiyo mama alikuwa na maswali, na maswali yote yalipita kwa Ida kama barua zinavyopita posta.

"Ida, muulize. Injini yake ina ukubwa gani?"

"Mwambie mama ni mia ishirini na tano."

"Mia ishirini na tano nini?"

Aidan akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu kabla ya kufikiri, na Ida alimpendea hilo. "Ni nafasi ya ndani, pale mafuta yanapolipuka. Ukiijaza maji, mama... samahani, Ida, mwambie mama... yatajaa kikombe kidogo cha chai."

Mama akaweka mkono kifuani. "Kikombe cha chai ndicho kitakachompandisha mwanangu milima ya Umatengo?"

"Ndicho kinachonipandisha mimi na vyombo vyangu vya picha."

"Wewe peke yako," Mjomba Athanasi akadakia. "Sasa weka mke. Weka nguo zake. Weka sufuria, maana najua hamtakuta hoteli. Wazungu wana mapikipiki makubwa, yananguruma mpaka kuku wanaacha kutaga. Yale ndiyo ya safari."

"Kwenye lami, mjomba, nakubali. Barabara ya Njombe, kubwa linanipita kama nimesimama. Lakini kwenye matope kubwa likilala chini, linaita kijiji kizima kuja kuliinua. Hii ikilala, mimi na Ida tunaisimamisha wenyewe."

"Kwa hiyo unajua kwamba mtaanguka."

"Tutaanguka, mjomba," Aidan akasema. "Polepole."

Ida akauma mdomo asicheke. Mama naye alikuwa ameinamia ungo ghafla, akikagua mchele.

"Endelea," mama akamwambia Ida. "Muulize mlimani inakwendaje. Aseme kweli."

"Kweli ni kwamba mlima mrefu inapanda kwa gia ya kwanza. Mtu wa miguu akitukuta, tutasalimiana naye mpaka tumalize habari za nyumbani. Haina haraka. Ikichoka tunaikalisha kivulini nayo inapoa. Mafuta inakunywa kidogo, na kule ziwani mafuta ni ya kubahatisha, kwa hiyo mlevi hafai. Ikiharibika, nina spana na plagi ya akiba. Ubaya wake mwingine ni kiti. Kiti ni chembamba, mtu akikaa kutwa nzima, yale..." Akakumbuka yuko mbele ya nani, akawa mwekundu wa matope na wa aibu. "Mgongo. Mgongo unauma."

"Mgongo," mama akarudia, na safari hii Ida aliona kabisa bega la mama likitikisika.

Lakini kicheko kilipita, na uso wa mama ukarudi kuwa uso wa mjane aliyelea mtoto peke yake. Ida aliijua sababu, ingawa aliisikia mara moja tu, usiku wa arobaini ya baba. Baba naye aliahidi ziwa. Walipooana alimpakia mama kwenye keria ya baiskeli, wakaondoka na vitumbua na chupa ya chai. Kwenye matope ya Likuyufusi, kabla jua halijawa kali, mnyororo ukakatika. Wakarudi kwa miguu, watu wakiwacheka njia nzima. Baba akasema wangekwenda mwakani, na mwaka ule haukufika mpaka akafa.

"Maneno matamu hayapandi mlima," mama akasema. "Mama yake mkubwa Ida anaumwa homa huko Maposeni. Basi la Peramiho limezama kwenye matope tangu juzi. Nina unga nusu gunia wa kumpelekea na sina mbawa. Sasa muulize huyo kijana: hiyo cherehani yake inashona mpaka Maposeni na matope haya?"

"Nitaupeleka unga hata sasa hivi," Aidan akasema.

"Unga haujui kumuuguza mtu. Nakwenda mwenyewe."

Mjomba Athanasi akatoa kiko mdomoni.

"Dada, utakaa wapi?"

"Nyuma."

"Na utashika nini?"

Mama akakitazama kile kiti chembamba.

"Mkwe hapandwi mgongoni, dada! Hujasikia kitu kama hicho, nami sijasikia."

"Mkwe yuko wapi?" mama akasema, akisimama na kujifunga kanga ya pili. "Nimepokea nini hapa? Leo huyu ni dereva. Nimebanwa na makondakta miaka yote kwenye mabasi, nimekaliwa miguu, nimeangukiwa. Nani ameniletea kuku?"

"Basi na iwe hivyo," Mjomba Athanasi akasema, na alisema taratibu ili kila mtu asikie. "Lakini ukimshika kiuno leo kama dereva, jioni usinirudishie habari za ukwe. Mtu hawezi kuwa dereva asubuhi na mkwe jioni. Nitakuwa wa kwanza kumrudisha mshenga kwao."

Ida alihisi ungo ukimponyoka. Alimwona Aidan akitazama chini. Akikataa kumpakia mama, pikipiki imeshindwa kabla ya kuwashwa na mgonjwa atabaki peke yake. Akikubali, mama atamshika, na posa itakuwa imekufa mikononi mwa aliyetakiwa kuipokea. Mwanamume wa watu alibaki akiigeuzageuza kofia yake mikononi.

"Gunia," Ida akasema.

Wote wakamtazama.

"Gunia likae katikati. Aidan mbele, unga katikati, mama nyuma. Mama atashika gunia. Hakuna atakayemgusa mtu."

Mjomba Athanasi akakirudisha kiko mdomoni. Sheria ilisema mkwe asiguswe. Kuhusu unga haikusema kitu.

"Kwani itabeba vyote?" mama akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kupinga. Ilikuwa ya mtu anayetaka kujua.

"Hapo ndipo tutakapojua," Ida akamjibu.

Walilifunga gunia wao wawili, kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Mama alikuwa ndani akitafuta rozari yake na mjomba alijifanya anatazama mawingu juu ya milima ya Matogoro. Ida alivuta upande wake, Aidan akavuta wake, na vichwa vyao vilikaribiana juu ya unga.

"Unaogopa?" Ida akanong'ona.

"Naogopa Likuyufusi. Pana utelezi kama sabuni."

"Utafanyaje hapo?"

"Gia ya kwanza, miguu chini, sishiki breki ya mbele. Naiacha itembee yenyewe kama mzee anavyotembea."

"Na klachi?"

Akamtazama. "Kwa nini unauliza klachi?"

"Nataka kujua. Siku tukiwa huko ukaumwa, nani atatuendesha?"

Aidan akaacha mpira aliokuwa akiufunga. Kisha alichukua mkono wake, akauweka kwenye kishikio, akavifunga vidole vya Ida kwenye klachi kimoja kimoja. "Unaiachia polepole," akasema. "Kama unavyoachia mkono wa mtu usiyetaka kumwacha."

Mjomba Athanasi akakohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa. Wakaachiana.

Mama akapanda upande upande, kanga mbili kiunoni na moja kichwani, rozari shingoni, mikono imekumbatia unga. Aidan akapiga kiki. Cherehani ikalia, ikajikaza, springi zikazama mpaka Ida akafumba macho. Alipoyafumbua walikuwa wamekwisha kufika barabarani, na mtaa mzima ulikuwa umetoka kumwona Mama Emerensiana akipita na gunia lake.

"Haya," Mjomba Athanasi akasema, akijaza kiko chake upya. "Umetumia akili, mwanangu. Nakupa haki yako. Ila niambie kitu kimoja."

"Kitu gani, mjomba?"

"Unga unakwenda Maposeni. Unga unabaki Maposeni. Wakati wa kurudi, katikati watakaa na nini?"

Ida akaketi pale pale kwenye ngazi. Alikuwa amefikiria kwenda tu. Akili yake yote iliishia mlangoni kwa mama mkubwa, kama safari haina nyuma.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena kwa makusudi. Ida alipika, chakula kikapoa. Aliwaza mama akirudi kwa miguu, viatu mkononi, kama alivyorudi na baba. Hapo pikipiki imeshindwa, na hakuna atakayemsikiliza tena mtu wa kwenda ziwani. Aliwaza mama akirudi amemshika Aidan. Hapo pikipiki imeshinda na Aidan ameshindwa. Aligeuza huku, akageuza huku, kote kulikuwa na miiba. Alijaribu kusali, sala ikageuka kuwa hesabu ya madimbwi ya Likuyufusi.

"Huenda akapata debe la kitu," akamwambia mjomba.

"Mwezi wa tatu? Maposeni watu wanasubiri mahindi yakomae. Nani ana debe la kitu?" Na sasa hata mjomba hakuwa anafurahia. Alikuwa anampenda mpwa wake. Ni mdomo tu uliomtangulia, na mwanamume akishatamka mbele ya watu huona aibu kuyameza.

Jua lilikuwa limeanza kulala lilipokuja lile lililosubiriwa. Sauti nyembamba, kutoka upande wa Bombambili. Ida alisimama. Majirani nao wakasimama, maana mtaa haukuwa na kazi nyingine jioni ile.

Pikipiki ikaibuka kilimani, polepole, rangi ya tanki haionekani kwa matope. Aidan mbele. Mama nyuma. Katikati hapakuwa na gunia, wala debe, wala kitu chochote. Mkono wa mama ulikuwa umezunguka kiuno cha Aidan, umeshika koti lake kwa nguvu, na shavu lake lilikuwa karibu kabisa na mgongo wake.

"Basi," Mjomba Athanasi akasema kwa sauti ndogo. "Pole, mwanangu."

Pikipiki ikasimama chini ya mlimau. Mama akashuka kama askari, akanyoosha mgongo, akajishika kiunoni.

"Kiti ni chembamba kweli," akasema. "Kijana hakudanganya."

"Mama mkubwa anaendeleaje?" Ida akauliza, akijikaza.

"Homa imeshuka. Amekunywa uji, ameanza kugombana na majirani. Amepona huyo."

"Dada," Mjomba Athanasi akaanza, na ilionekana angetoa kiko chake na tumbaku yote asiwe yeye wa kuyasema. "Dada, umemshika."

"Nimemshika. Kwenye utelezi wa Likuyufusi ulitaka nishike nini, mawingu?"

"Mbele ya watu wote."

"Mbele ya watu wote, na wengine wakanipungia mkono. Tulianguka mara moja, polepole, kama alivyosema. Tukaisimamisha wawili. Nyepesi! Mimi na umri huu nimeinua pikipiki." Kisha akaishusha sauti. "Ilikuwa pale pale, Athanasi. Pale mnyororo ulipokatika. Safari hii nilipita."

Mjomba akainamisha kichwa. "Nimefurahi, dada. Lakini neno langu unalijua. Ni dereva."

Mama alirudi kwenye pikipiki, akainama kwenye usukani, akaanza kufungua kamba upande ambao Ida hakuwa ameuona. Kikatoka kitu cheupe kilichotapakaa matope, macho yamekitoka kwa hofu ya safari. Alikuwa kuku, tetea mzima, miguu imefungwa. Mama akaja naye mpaka kwa Ida akamweka mikononi.

"Mama mkubwa ametutumia?" Ida akauliza.

"Mama yako mkubwa hana kuku wa kugawa. Huyu amenunuliwa kwa jirani yake. Gunia lilipobaki kule nilisimama kando ya pikipiki, nikamwambia yule mgonjwa amwambie kijana: sipandi bila kuku. Naye hakuuliza kwa nini. Akaenda nyumba kwa nyumba kwenye mvua mpaka akampata. Akamtoa kwa mikono miwili, na macho chini. Ndipo nikapanda, ndipo nikamshika."

Ida alimtazama kuku, akamtazama mama, kisha Mjomba Athanasi, ambaye kiko kilikuwa kimezimika mdomoni naye hajui.

"Athanasi," mama akasema, "dereva anatoa kuku?"

Mjomba akakitoa kiko mdomoni. Kisha kicheko kikaanzia tumboni kwake, kikapanda, kikamtoa machozi. "Hatoi," akasema. "Tangu nizaliwe, dereva hajawahi kutoa kuku. Mwiteni mshenga aje wiki hii!"

Jirani mmoja akapiga kigelegele, mwingine akakipokea. Aidan alikuwa bado amesimama mahali pake pa mbali, uso jikoni, maji yakimchuruzika kwenye nywele, asijue aweke wapi mikono.

"Aidan," mama akaita. Hakumpitishia Ida. Lilikuwa jina lake, kutoka kinywani mwa mama, kwa mara ya kwanza. "Aibu imeondoka. Njoo ule, chakula kimepoa kwa ajili yako. Kuku atasubiri Pasaka."

"Asante, mama."

"Na hiyo pikipiki yako." Hakusema cherehani, na Ida alisikia. "Kwa mtu mwenye haraka, haifai. Kwa mtu anayetaka kuona njia, naona inafaa. Mtakapofika ziwani mnipigie picha ya maji, na nanyi muwemo, nione."

"Tutapiga, mama."

Mama alikwisha kuweka mguu mlangoni alipokumbuka jambo, akageuka.

"Tena, Ida. Mizigo yenu mtaifunga nyuma, kwenye keria. Wewe huna sababu ya kuweka gunia katikati."

Ida akauficha uso wake kwenye manyoya ya kuku, ili mjomba asimwone anavyocheka.